Ushindi ulionichelewesha

Umeme ulikuwa umekatika Nkuhungu, hapa Dodoma, tangu saa mbili usiku, na simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 31. Naikumbuka namba hiyo kwa sababu niliitazama mara nyingi kuliko nilivyozitazama karata. Katika shindano la poka la mtandaoni tulikuwa tumebaki wachezaji 64 kati ya mia tano na ushee, na wanaolipwa walikuwa 63. Alitakiwa mmoja tu aondoke mikono mitupu, kisha wote waliobaki tupate chochote. Kiingilio kilikuwa dola 2.

Nilikuwa kwenye blaindi kubwa, maana yake chipu zangu 2,000 zilishakwenda mezani kwa lazima kabla sijaona karata. Wa kwanza kuongea, yaani kuamua cha kufanya, alikuwa mtu ambaye kwa saa nzima alicheza migao mitatu tu, mingine yote aliitupa. Safari hii akaweka zote: chipu 20,000. Meza nzima ikamkimbia. Mimi nilikuwa na ree ya kopa na tisa ya pau, na chipu 24,000 mkononi. Sikufikiri hata sekunde tano. Nikalipa. Akafunua ree na kingi.

Anayejua poka ameshaguna. Kwa asiyejua: kila mchezaji ana karata mbili za siri, na mezani zinawekwa tano za wote, kwanza tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha moja. Mimi na yeye ree zetu zinafutana. Kinachobaki ni kingi yake dhidi ya tisa yangu, na mchezo huo ukiurudia mara nne, yeye anachukua karibu mara tatu. Usiku ule ulikuwa ile mara moja yangu. Tisa ya uru ilikuja karata ya mwisho kabisa. Yeye akatoka, mimi nikasonga mbele, na saa kumi alfajiri nilikuwa nimemaliza wa pili na kupata dola 130. Nilimwamsha mke wangu kumwonyesha. Alitazama kioo cha simu, akaniuliza kama nimelala hata kidogo, akageukia ukutani.

Nimeamua kuandika habari hii kwa sababu dola zile 130 zilinigharimu miezi saba.

Kwa miezi saba nilicheza nikijua kwamba mimi ni mtu mwenye moyo. Mtu akiweka zote, nami nikiwa na ree, nalipa. Ree na sita, nalipa. Ree na mbili za kopa, ndiyo kabisa. Nilikuwa na kumbukumbu tamu ya tisa ya uru, na kila nilipotolewa mapema niliona nimefanyiwa uonevu na karata. Sikuona kwamba narudia kosa lilelile. Ningelionaje? Lilishanilipa.

Wengi wetu tulianza karata vibarazani. Mimi nilianza na lasti kadi, baadaye albastini ya wanne, wawili kwa wawili, na turufu yake. Majina ya karata niliyafunzwa na babu mmoja mstaafu wa reli pale Kongwa aliyekuwa akisema kopa, uru, pau na shupaza kwa ukamilifu wake. Nilikuja kujua baadaye kwamba majina hayo tuliachiwa na Wareno, yakapanda kutoka pwani hadi huku kwetu kwenye vumbi. Kwa hiyo nilipokutana na poka kwenye simu sikuwa mgeni wa karata. Nilikuwa mgeni wa kitu kingine: mchezo ambao mtu anaweza kufanya vizuri akapoteza usiku kucha, na mwenzake akafanya ovyo akaondoka na kila kitu.

Hilo kwenye albastini halijifichi sana. Ukitoa turufu kijinga, mwenzako anakufokea papo hapo. Kwenye poka ya mtandaoni hakuna wa kukufokea. Kuna chipu tu, zinaongezeka au zinapungua, nawe unaziamini.

Aliyenifokea ni mpwa wangu. Anasoma takwimu Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na Jumapili nyingi hushuka kutoka chuoni kuja kula kwetu, kwa sababu anasema ugali wa uwele na mlenda haupatikani kule kama wa shangazi yake. Siku hiyo alikuja na mfuko wa zabibu alizonunua njiani.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Hebu kaa, nikuonyeshe kitu."

Nikamfungulia ule mgao. Programu nyingi za poka hutunza kila mgao uliocheza, unaweza kuurudia karata kwa karata. Nilitaka aone tisa ya uru ikishuka. Yeye akaweka kiganja juu ya nusu ya chini ya kioo, akaficha kila kitu kilichotokea baada ya mimi kulipa.

"Hapa ulifikiri nini?"

"Nilikuwa na ree."

"Yeye je? Ulifikiri ana nini?"

Sikuwa na jibu. Akaanza kuhesabu kwa sauti, taratibu. Mezani kulikuwa na 20,000 za yule bwana, 2,000 zangu, 1,000 za blaindi ndogo na 2,000 za ante, yaani mchango mwingine wa lazima wa kila mgao, jumla 25,000. Kulipa kulitaka niongeze 18,000. Ukigawa 18 kwa 43 unapata karibu asilimia 42. Ili malipo yale yasiwe hasara, nilitakiwa niwe nashinda mara 42 katika kila mara 100. Mtu anayecheza migao mitatu kwa saa, akiwa wa kwanza kuongea, mbele yake watu wanane, anaweka zote na karata gani? Tukaziorodhesha: jozi za nane kwenda juu, ree na kingi, ree na kwini, labda ree na jeki za aina moja, mfano zote shupaza. Dhidi ya orodha hiyo, ree na tisa yangu inashinda chini ya theluthi moja.

"Anko, hapa ulikosea."

"Lakini nilishinda."

"Ndiyo. Ulishinda, na ulikosea."

Nilinyanyuka nikaenda kunawa mikono, nimekasirika kweli. Nilikuwa nimeuhadithia mgao ule kwa watu kumi kama ushujaa.

Niliporudi mezani, kichwani mwangu hakuwamo mpwa wangu, alikuwamo baba. Baba ni mkulima wa Kongwa, na maisha yake yote shambani yamekuwa kubashiri mvua. Kwetu mvua inaanza Desemba, ikipenda, inaishia Machi au Aprili, na katikati, hasa Februari, inaweza kukata wiki mbili au tatu huku mahindi yamefikia kutoa mbelewele. Uwele na mtama vinavumilia. Mahindi hayavumilii. Baba alipanda uwele sehemu kubwa ya shamba na mahindi kidogo bondeni, kila mwaka, bila kubadilisha. Mwaka mmoja nikiwa darasa la tano mvua haikukata kabisa. Jirani yetu alikuwa amepanda mahindi matupu, ekari zote, akavuna hadi akakosa magunia. Akaezeka bati. Sisi watoto tulimwona baba kama mtu aliyelala. Nilimwambia wazi, kwa utoto, kwamba jirani anajua kulima kuliko yeye.

Miaka miwili iliyofuata mvua ilikata Februari, na mke wa jirani alikuja kwetu na debe kuomba uwele. Baba alimpimia. Jioni nilimuuliza kama jirani amekosea mwaka huu, akasema hakukosea mwaka huu, alikosea mwaka ule aliovuna. Nilidhani amechanganya maneno.

Ilinichukua miaka karibu ishirini na tano na mgao mmoja wa karata kumwelewa.

Mpwa wangu hakuwa amemaliza. Alisema asilimia 42 ni hesabu ya mezani tu, na pale tulipokuwa, mtu mmoja kabla ya malipo, hesabu halisi ilikuwa kali zaidi. Nikamwambia sielewi: chipu ni chipu. Akamwaga zabibu kwenye sinia. Akahesabu thelathini, akatugawia kumikumi, mimi, yeye, na kiti kitupu kilichowakilisha mchezaji wa tatu. Zawadi: wa kwanza shilingi 50,000, wa pili 30,000, wa tatu 20,000.

Sasa hivi tuko sawa, akasema, kwa hiyo zabibu kumi za kila mmoja zina thamani ya theluthi ya laki moja, kama 33,300. Tuseme mimi na wewe tunaweka zote na wewe unashinda. Una zabibu 20, kiti kina 10. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni mbili kwa tatu, na ukikosa hapo unakuwa wa pili. Theluthi mbili za 50,000 ukijumlisha na theluthi moja ya 30,000, unapata kama 43,300.

"Zabibu zako zimekuwa mara mbili, anko. Hela yako haijawa mara mbili. Imeongezeka elfu kumi."

Na ukishindwa? Unachukua 20,000 za mshindi wa tatu na kuondoka, umepoteza 13,300. Unaweka rehani 13,300 ili upate 10,000. Kwa hiyo hata mchezo wa nusu kwa nusu, ambao kwa kawaida ungekuwa haki, hapo ni hasara. Unatakiwa ushinde mara 57 kati ya 100 ndipo usipoteze wala usipate. Na kile kiti kitupu, ambacho hakikufanya chochote, thamani yake imepanda kwa sababu sisi wawili tumepigana.

Nimeisoma hesabu hii baadaye kwenye maandishi ya wachezaji wakubwa, inaitwa ICM (Independent Chip Model), na kuna programu zinazoikokotoa kwa meza nzima kwa sekunde moja. Lakini sijawahi kuielewa vizuri kuliko nilivyoielewa kwenye sinia lile. Ukinielewa hapa peke yake umenufaika: katika mashindano, chipu unayoipoteza ina thamani kuliko chipu unayoipata. Ndiyo maana mchezaji mzuri wa meza za pesa za kawaida, ambako chipu ya shilingi ni shilingi, anaweza kuja kwenye mashindano akatoka kila siku akishangaa.

Tulikula zile zabibu. Jioni ile nilianza daftari.

Daftari langu lina kanuni moja niliyoilinda kwa nguvu: hakuna safu ya matokeo. Naandika karata zangu, nafasi niliyokaa, chipu za kila aliyehusika nikizihesabu kwa blaindi, alichofanya mwenzangu, nilichofikiri anacho, na nilichoamua. Basi. Kama nilishinda au nilitolewa, siandiki. Mwanzoni mkono ulikuwa unawasha. Baada ya wiki kadhaa nilipolirudia daftari nilikuta migao ambayo sikumbuki kabisa iliishaje, na hiyo ndiyo niliyoweza kuipima kwa haki. Kazi yangu ni upimaji wa ardhi, na katika kazi yetu hili lipo siku zote: ukizunguka kiwanja ukarudi kwenye bikoni uliyoanzia na namba zisikutane, umekosea, hata kama mteja anacheka na fundi ameshaanza kuchimba msingi. Sijui kwa nini kazini nilikuwa hivyo na kwenye karata nilikuwa mtu mwingine.

Kosa kubwa lililojitokeza halikuwa lile la ree. Lilikuwa kucheza migao mingi nikiwa nimekaa mwanzo, kabla ya wengine kuongea. Kuongea mwisho ni utajiri: umeshaona wote wamefanya nini. Kuongea kwanza ni kutembea gizani. Nilikuwa nachezea jeki na kumi za kopa popote nilipokaa kwa sababu zinapendeza macho. Sasa zinatupwa nikiwa wa kwanza, na zinapandishwa nikiwa wa mwisho. Kosa la pili ni kungoja. Nikibaki na chipu za kutosha blaindi kubwa nane au kumi tu nilikuwa najibana nikisubiri jozi ya ree, na jozi ya ree huja mara moja katika migao 221. Blaindi zinakumaliza kabla. Ukiwa na chipu chache hivyo, unachofanya ni kuweka zote mapema kwa karata za wastani, wewe ukiwa wa kwanza kuingia, ili wengine wawe ndio wenye kazi ya kuamua. Kuweka zote na kulipa aliyeweka zote ni mambo mawili yaliyo mbali sana: anayeweka anaweza kushinda kwa kukimbiwa, anayelipa hana njia nyingine ila karata zimwokoe. Nilipenda kulipa. Nimejifunza kuweka.

Yako mengine madogo. Karata nne za aina moja na mbili bado hazijashuka, utaipata ya tano karibu mara 35 kwa 100. Jozi yako ndogo itapata mwenzake wa tatu kwenye zile karata tatu za kwanza mara moja katika nane na nusu hivi. Haya unayakariri kama jedwali la kuzidisha na kuendelea.

Kuhusu pesa nitasema kwa uzito kidogo. Katika mashindano mengi wanaolipwa ni kama asilimia 10 hadi 15 ya walioingia, kwa hiyo hata anayecheza vizuri sana anatoka bila kitu siku nyingi kuliko siku anazolipwa. Anaweza kukaa wiki na wiki. Mtu asiyejipanga kwa hilo atavunja benki ya nyumbani akiamini bahati iko karibu. Mimi nilitenga dola 100, tukakubaliana na mke wangu mbele ya daftari lake la matumizi, na viingilio vyangu ni dola 1, ili niwe na nafasi mia za kukosea. Zikiisha, narudi kwenye mashindano ya bure hadi nijue kilichoniangusha. Aliye chini ya miaka 18 mchezo huu wa pesa si wake, sheria yetu iko wazi, na aliye na miaka hamsini lakini anachezea ada ya mtoto naye si wake.

Kongwa tunalo somo la jambo hili, lipo ardhini hadi leo. Mwaka 1947 Waingereza walianza kwetu mpango wa karanga. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika na nchi jirani, wakaleta matrekta na reli, wakafyeka. Udongo wetu wakati wa kiangazi unakuwa kama tofali, majembe ya mashine yakawa yanavunjika, na mvua ikafanya ilivyozoea. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na mamilioni ya pauni yalikuwa yameshazama. Babu aliyenifunza majina ya karata alikuwa anasema Wagogo wangeulizwa wangesema. Mimi ninachokiona ni kwamba hawakuanza na ekari mia moja kwanza. Waliweka zote kabla ya kuona karata.

Najua pia hadithi iliyowavuta wengi kwenye mchezo huu. Mwaka 2003 mhasibu kutoka Tennessee, Chris Moneymaker, alishinda shindano dogo la mtandaoni lenye kiingilio kisichofika dola 100, likampa tiketi ya shindano kuu la World Series of Poker lenye kiingilio cha dola 10,000, akashinda shindano hilo lililokuwa na watu 839, yeye akiwamo, na kuchukua dola milioni 2.5. Mwaka 2006 shindano hilohilo liliingiwa na watu 8,773. Naipenda hadithi hiyo na nimetazama meza ile ya mwisho mara nyingi. Lakini kwa miaka niliitazama kama nilivyolitazama bati la jirani. Siku hizi nikiitazama nasimamisha video kabla hajaamua, naandika ningefanya nini, ndipo naendelea.

Jazba bado ninayo. Nikitolewa na karata ya mwisho mara mbili usiku mmoja, mgao wa tatu nauona mwekundu. Dawa niliyoipata si ya kichwani, ni ya saa: mashindano makubwa yanapangwa kwa jioni za Ulaya, kwetu yanaanza saa tatu au saa nne usiku na kuisha alfajiri, na baada ya saa saba usiku daftari langu linaonyesha makosa yanayofanana kama mapacha. Siku za kazi siingii kwenye shindano lisiloisha kabla ya saa sita. Nimepoteza mashindano mazuri kwa uamuzi huo. Sijuti. Asubuhi napimia watu viwanja Nzuguni, na kosa la nusu mita pale ni ugomvi wa ukoo mzima.

Jumamosi iliyopita nilifika watu 14 wa mwisho. Blaindi 1,500 kwa 3,000. Nilikuwa na chipu 48,000 na jozi ya kwini, kwini ya shupaza na ya kopa. Kijana wa nafasi ya mwisho, ambaye alikuwa anapandisha karibu kila alipopata nafasi, akapandisha tena. Nikahesabu: nafasi yake, tabia yake, chipu zake zilizozidi zangu, hatua ya malipo inayofuata ambayo ilikuwa mbali bado. Nikaweka zote. Akalipa.

Umeme safari hii ulikuwepo. Niliandika mgao wote kwenye daftari kabla ya kulala, nikaupiga picha, nikakata picha chini, nikamtumia mpwa wangu. Alijibu baada ya dakika kumi.

"Sawa kabisa anko. Hata mimi ningeweka zote. Alikuwa na nini?"

"Ree na kingi. Kingi ilikuja ya nne."

"Ukatoka?"

"Nikatoka."

"Pole. Jumapili siji, nina testi Jumatatu. Mwambie shangazi aniwekee mlenda."